Ukungu wa Kutiwa

Nimechoshwa na ukungu. Sisemi ukungu ule wa alfajiri unaotua juu ya migomba ya Nyamisangura na kuwafanya wachungaji waitane bila kuonana. Huo nimezaliwa nao, na jua likipanda huondoka na kila kitu hurudi mahali pake. Nasema ukungu wa kutiwa kwa kidole, unaowekwa nyuma ya mtu aliyekwisha kupigwa picha ili isijulikane alikuwa wapi wala alikuwa na nani. Huo hauondoki. Ukishahifadhiwa juu ya picha, ndio umekuwa picha.

Naitoa hoja yangu mapema ili anayetaka kuipinga asisumbuke kuitafuta. Picha ya mtu iliyopigwa bila yeye kujiweka, akiwa katikati ya shughuli yake au kicheko chake, haina thamani nyingine yoyote ila hii: kwamba jambo lilitokea hivyo. Haina taa nzuri, haina mavazi ya sikukuu, mara nyingi haina hata unyofu wa kingo. Kuififisha mandhari yake na kuikata pembeni baada ya tukio ni kuipokonya thamani yake hiyo moja, kisha kuirudisha kwa mwenyewe ikiwa imepambwa. Na kuiita kazi hiyo kusafisha ni kuitukana lugha.

Maana neno hilo lina historia yake. Enzi za filamu tulisema picha inasafishwa pale ilipokuwa gizani, ndani ya dawa, na karatasi nyeupe ikaanza kutoa jicho, kisha shavu, kisha mti na ukuta na mpita njia. Kusafisha kulikuwa kukitoa nje kilichofichika. Leo kijana aliyeinamia simu yake husema ameisafisha picha akiwa na maana kwamba amekificha kilichokuwa wazi. Neno ni lile lile, kazi imegeuzwa miguu juu kichwa chini, na sisi tunaojidai kuwa walinzi wa maneno hatukusikia kelele yoyote.

Nimelisikia mimi, kwa kuwa liliingia nyumbani kwangu.

Nyamisangura ni kata ya mji wa Tarime, mkoani Mara, nchi ya juu yenye baridi, si mbali na mpaka wa Kenya pale Sirari. Msomaji wa visiwani akitaka kuipata picha yake, asifikirie minazi. Afikirie migomba, mahindi, ng'ombe, na watu wanaozungumza Kikuria kwa sauti ambayo mgeni huidhani ugomvi. Mwaka 1994 alipita sokoni Tarime mpiga picha wa kutembea, mmoja wa wale waliokuwa wakipiga kwanza na kuuza baadaye. Alimpiga mama yangu bila kumwambia. Mama alikuwa ameketi nyuma ya ndizi zake, uso ameugeuzia kushoto, anacheka hadi gego lililong'oka linaonekana. Nyuma yake palikuwa na ukuta wenye maandishi ya rangi, baiskeli iliyoegemezwa, wanawake wawili wanaopatana bei. Na kushoto kwake, hatua moja nyuma, alisimama mdogo wangu wa kike, umri wake miaka tisa, gauni la kijani, amejitwika ungo kichwani ukiwa umeinama vibaya, naye amejishika kiuno kama mtu mzima. Hicho ndicho alichokuwa akikicheka mama.

Mpiga picha alirudi baada ya majuma mawili, mama akainunua ile picha kwa kununa, akidai kwamba pengo limeonekana mno. Miaka mitatu baadaye mdogo wangu alifariki kwa homa. Hakuwa amepigwa picha nyingine. Siku hizo hatukuwa na kawaida ya kupiga watoto picha. Picha ilikuwa ya harusi, ya kipaimara, ya kitambulisho.

Mama alifariki mwaka 2021. Katika haraka ya msiba nilimkabidhi mpwa wangu ile picha aipeleke mjini ikuzwe, itiwe fremu, iwekwe juu ya jeneza. Aliirudisha jioni imefungwa kwenye karatasi, naye akiwa na furaha ya mtu aliyetumwa akafanya zaidi ya alichotumwa. Akaniambia, "Mjomba, wameisafisha. Wametoa na vurugu za nyuma."

Nilikuta mama yangu anacheka peke yake. Ukuta umekuwa maziwa, baiskeli imekuwa moshi, wanawake wawili wamekuwa madoa. Ili uso wa mama ukae katikati, upande wa kushoto ulikuwa umekatwa, na mdogo wangu akakatwa nao nusu. Nusu iliyosalia ilififishwa. Ile rangi ya kijani pembeni, yenye umbo la pera, ndiye yeye. Nikauliza iko wapi karatasi yenyewe. Ilikuwa imebaki dukani. Tuliporudi baada ya maziko haikuonekana. Duka silitaji wala simlaumu kijana aliyeketi kwenye kompyuta. Alifanya alivyofundishwa, na aliamini ameniheshimu. Ninaowalaumu ni sisi tulioacha imani hiyo ienee pasipo mtu wa kuipinga.

Tazama pia kilichompata mama mwenyewe, anayedaiwa kutendewa hisani. Katika picha isiyopangwa macho ya mtu huwa yameshika kitu. Kikate kitu hicho, umemwacha mtu na tendo lisilo na sababu. Mtu anayecheka na mwanawe ni mama. Mtu anayeucheka ukungu sisi tuna jina lake, na si jina unaloweza kuliweka juu ya jeneza. Hivyo hata uso, ambao kwa ajili yake vyote vingine vilitolewa kafara, haukusalimika.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la familia moja na chozi moja, na kwamba picha za habari, zinazoshikwa na watu waliosomea kazi yao, zina kanuni. Basi na tutoke Tarime, tuzunguke ziwa, tuingie Uganda, na kutoka huko tupande hadi Davos, Uswisi. Mnamo Januari 2020 wasichana watano wanaharakati wa hali ya hewa walisimama pamoja mbele ya wapiga picha: Greta Thunberg na Isabelle Axelsson wa Uswidi, Luisa Neubauer wa Ujerumani, Loukina Tille wa Uswisi, na Vanessa Nakate wa Uganda. Nakate alisimama mwisho, upande wa kushoto. Shirika la habari la Associated Press liliisambaza picha ile duniani ikiwa na wasichana wanne. Mwafrika pekee hakuwamo. Lilipoulizwa, lilijibu kwamba mpiga picha alikuwa akishindana na muda, na kwamba aliikata kwa ajili ya mpangilio tu, kwa kuwa jengo lililokuwa nyuma ya Nakate lilivuta jicho. Baadaye wakubwa wa shirika wakaomba radhi na picha nzima ikatolewa. Nakate alisema kwa uchungu kwamba hawakufuta picha tu, walifuta bara.

Wengi walilikataa lile jibu la jengo, wakasema ni kisingizio. Mimi nalisadiki. Na ni kwa kulisadiki ndipo hofu yangu inapozidi. Kama mtu yule angekuwa na chuki tungemtenga yeye na chuki yake, dunia ikaendelea. Lakini ikiwa hakuwa na chuki, ikiwa alifuata tu kanuni ya uzuri inayofundishwa kila mahali, kwamba mandhari isishindane na uso, basi kanuni yenyewe ndiyo iliyomwondoa msichana yule, kwa mkono mtulivu, bila hata kumtazama. Alikuwa amesimama mbele ya kitu kibaya. Hiyo ndiyo hatia yake. Sasa jiulize, msomaji: ni nani katika dunia hii husimama mbele ya vitu vibaya? Nani hupigwa picha mbele ya ukuta uliobanduka, mbele ya mtaro, mbele ya kamba ya nguo? Na ni nani ambaye, watu wanapojipanga, hujikuta ukingoni? Na ile ilikuwa picha ya watu waliojiweka, mchana kweupe, majina yao yakijulikana. Mchuuzi wa ndizi na binti yake wangetetewa na nani?

Najua jibu ninaloandaliwa. Nitaambiwa kwamba picha haijawahi kuwa kweli, na ushahidi utaletwa kutoka hapo hapo visiwani. Je, studio za Unguja hazikuwa na mapazia yaliyochorwa? Tangu akina Gomes na Coutinho wa karne ya 19, hadi Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930, watu hawakuketi mbele ya nguzo na bustani zisizokuwa zao? Pale Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, mtu aliyeshuka kwenye feri hakupigwa picha mbele ya ndege asiyoipanda kamwe? Na marehemu Omar Said Bakor wa Lamu hakusifika kwa picha zake za kuunganishwa?

Ndiyo, na wote hao nawavulia kofia. Lakini tofauti ni ile iliyopo kati ya mchezo wa jukwaani na ushahidi wa mahakamani. Aliyekwenda studio alivaa nguo zake nzuri, akalipa, akachagua pazia, akakaza shingo. Yeye na mpiga picha walikubaliana kusema uongo mmoja wa kupendeza, na kila aliyeitazama picha ile aliujua uongo huo na kuufurahia. Pazia lile halikumfunika mtu. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Aliyepigwa bila kujua hakukubaliana na mtu. Hakuchagua pazia. Alichotupa ni saa yake moja kama ilivyokuwa, na katika saa hiyo walikuwamo watu wengine, nao pia hawakuulizwa. Kumtengenezea pazia baada ya miaka ishirini na saba si kuirudisha sanaa ya Capital Art.

Tena studio zile zile zina fundisho jingine, la aibu. Zilipiga na kuuza kadi za posta za wanawake na wachukuzi wa pwani, na chini ya kadi nyingi hukuti jina; unakuta kabila au kazi. Mtu aliyetolewa mahali pake na watu wake hageuki kuwa mtu zaidi; hugeuka kuwa mfano wa namna ya mtu. Hili wafifishaji wa leo hawalioni. Wanadhani kwa kumtenga bibi mzee na kibanda chake wanampa heshima ya kuwa yeye tu, kumbe wanamfanya kuwa bibi mzee yeyote, anayefaa kuwekwa kwenye kalenda ya benki.

Kuhusu ufundi nitasema machache, maana mimi si fundi. Lenzi yenye tundu lililofunguliwa sana hufifisha vilivyo mbali na mhusika, na hufifisha kwa daraja: kilicho hatua moja nyuma hulegea kidogo, kilicho mbali zaidi hulegea zaidi. Huo ni uamuzi wa mtu aliyesimama pale, anayeona anachokiacha, na ambaye angeweza kusogea. Sina ugomvi naye. Kuanzia mwaka 2016 simu za iPhone zenye lenzi mbili zilianza kuiga jambo hilo kwa hesabu, na kampuni nyingine zikafuata. Leo programu za bure hulifanya hata kwa picha ya zamani iliyopigwa na kamera isiyo na hesabu yoyote. Programu hubahatisha mtu anaishia wapi na dunia inaanzia wapi, na hubahatisha vibaya pale pale panapotuhusu: kwenye nywele zetu, kwenye ukingo wa kanga, kwenye vidole vinavyoshika ungo. Haijui undugu. Inajua kuna mtu mkubwa mbele, na vilivyobaki ni vya nyuma. Kisha picha hiyo hutumwa kwa WhatsApp, ikabanwa, ikapoteza tarehe na mahali ilipopigwa, na aliyeipokea huipeleka mbele akiamini ndiyo asili.

Kuna ukungu ambao sitaugusa. Wilayani Tarime kuna hifadhi zinazowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, na mwisho wa mwaka, msimu unapofika, hupokea wengi. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, lakini sheria haikai nyumbani na shangazi. Picha ya msichana kama huyo na ifunikwe uso, na mlima ulio nyuma yake ufunikwe pia, maana wapo watakaoutambua mlima kabla ya kuutambua uso. Huo ni ukungu wa shuka, anajifunika mwenyewe aliyeko baridini. Mkono unaomfunika ni mkono aliouita. Anayeutumia mfano huu kuhalalisha maziwa yaliyomwagwa nyuma ya mama yangu ananifanya mtoto.

Na hapo hapo Tarime upo mfano wa upande wa pili. Nenda Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002 na ambao tangu 2019 uko mikononi mwa Barrick, serikali ikiwa na hisa zake kupitia kampuni ya Twiga. Mpige picha mzee anayeanika wimbi uani kwake. Nyuma yake utaona kilima. Si kilima cha Mungu. Ni mawe yaliyotolewa shimoni, nacho hakikuwapo alipozaliwa mzee. Sasa ipeleke picha hiyo kwa msafishaji. Utarudishiwa mzee mwenye mikunjo mizuri ya uso, mwanga mororo, wimbi la rangi ya kahawia, na nyuma yake amani ya kijivu. Hakuna aliyedanganya kwa neno hata moja. Ila swali ambalo picha ile ingelimlazimisha mtazamaji kuliuliza limeondolewa, na limeondolewa na mtu ambaye pengine hakujua kwamba ni swali. Naogopa zaidi ufutaji wa namna hii kuliko ule wa madikteta. Stalin alipomfuta Yezhov kandoni mwake, alijua anamfuta nani.

Nisijifanye mtakatifu. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na kwa magazeti ya kufungia sukari, na ushairi nilijifundisha kwa kusikiliza. Nilipokuwa kijana nilifasiri kwa Kiswahili nyimbo za wazee wa kwetu, zile zinazoimbwa kwa litungu. Zina majina mengi: ng'ombe, mito, koo, watu waliokopa wasilipe. Nikaona majina hayo yatamchosha msomaji wa mbali. Nikayatoa. Nikabakiza huzuni, mapenzi na mauti, vitu ambavyo kila taifa linavyo, nikasifiwa kwamba tafsiri zangu ni safi. Mzee mmoja aliyeimba wimbo mmojawapo aliposomewa tafsiri yangu aliuliza kwa upole wimbo huo ni wa nani. Nilicheka siku ile. Nilikuwa nimekata pembeni na kufifisha nyuma, miaka mingi kabla simu haijajua kufanya hivyo, na sababu yangu ilikuwa ile ile ya mpiga picha wa Davos: jengo lilivuta jicho. Nyimbo zile sasa nazirudia moja moja, na majina yake. Waimbaji wengi wamekufa, na pale ambapo sikuandika jina pembeni siwezi kulipata tena.

Ndugu zangu washairi watanielewa upesi kuliko wapiga picha. Kibwagizo hakibebi habari mpya; hurudi kila beti na maneno yale yale, na mhariri mwenye haraka anaweza kusema kimesikika, kitolewe. Mkitoe basi, muone kama beti zilizosalia zitajua ziende wapi.

Ninachokiomba si kikubwa. Mwenye duka la picha asiguse karatasi wala faili ya mtu kabla ya kuweka nakala yake nzima kando, na aliyeleta arudishiwe zote mbili, ile iliyopambwa na ile ya kweli. Kabla ya kukata, aulize huyu wa pembeni ni nani. Ni swali la nusu dakika, na katika msiba wa mama yangu lingetosha. Magazeti na majarida, na hili letu pia, yaache kuchapisha nyuso zinazoelea. Na sisi wenye picha tugeuze karatasi tuandike nyuma majina ya wote waliomo, hata yule aliyepita njia.

Ya kwangu imebaki moja. Mpiga picha yule wa mwaka 1994 alizunguka soko zima la Tarime siku ile. Hakumpiga mama yangu peke yake. Wapo walionunua picha zao kama alivyonunua yeye, na baadhi zitakuwa bado sandukuni, Nyamisangura au Sirari, au zimehamia Mwanza, Unguja na ng'ambo pamoja na watoto wa wenyewe. Aliye nayo naomba aitoe, na kabla hajaipeleka kwa mtu yeyote wa kuisafisha, atazame nyuma ya bega la mtu wake kama hakuna msichana wa miaka tisa, gauni la kijani, ungo umeinama kichwani. Wahariri wa jarida hili wanajua ninapopatikana.